Mgongo Aliouomba Mwalimu Tiribo

Mwalimu Tiribo alijua kuna jambo alipoiona njia tupu. Kila asubuhi, kabla watoto hawajamaliza kufagia uwanja wa shule, Ioteba hutokea upande wa mashimo ya magimbi akisukuma kiti cha magurudumu, na juu ya kiti mwanawe Tekaai, kidevu juu, kama mtu anayepelekwa kuapishwa. Siku hiyo, iliyokuwa ya mwisho kabla ya mtihani, uwanja ulifagiliwa, kengele ikagongwa, watoto wakaketi kwenye mikeka yao, na njia ikabaki tupu.

Alimwachia mwenzake darasa, akaishika njia. Hakukimbia. Mwanamke wa umri wake akionekana anakimbia kisiwani kwetu, watu hutoka majumbani kuuliza nani kafa.

Alimkuta Tekaai amelazwa chali juu ya jukwaa la nyumba, macho kwenye makuti. Baba yake alikuwa chini, anasokota kamba ya makumbi juu ya paja, wala hakuinua kichwa. Hapo ndipo Tiribo alipoingiwa na hofu, maana Ioteba si mtu wa kukosa salamu.

"Mtoto anaumwa?"

"Haumwi."

"Mbona hakuja?"

Ioteba akasokota. Kamba ilikuwa imeshakaza, lakini akaendelea kuisokota.

"Mwambie, baba," Tekaai alisema kutoka juu. "Usipomwambia atakaa hapo mpaka magharibi. Humjui?"

"Kiti kiko wapi, Ioteba?"

"Kimeombwa."

Tiribo akaketi. Hakuuliza kwa nini hakukataa, maana alizaliwa hapohapo. Kwetu ndugu akikujia, akakunja miguu, akasema nimekuja kukuomba, jambo limekwisha. Tunaita bubuti, na jibu lake ni moja. Anayekataa huishi, lakini huishi kama mbwa wa watu: anapita, watu wanatazama pembeni, na kwenye karamu kuna mtu atamtungia wimbo ambao wajukuu zake watauimba bado.

Hiyo ndiyo desturi iliyotuweka hai juu ya mchanga huu usioota kitu. Mvua ikigoma mwaka mzima, hakuna aliyekufa peke yake huku jirani ana nazi. Lakini wazee waliotuachia desturi hiyo waliomba kwa haya. Mtu aliizunguka nyumba yako kwanza, akatazama una nini na utabaki na nini. Akiona una mtumbwi mmoja, hakuomba mtumbwi. Aliomba siku moja ya kuvulia. Siku hizi watu wanaomba kama wanaovua kwa wavu wa macho madogo. Kinachokuja na kije.

"Nani kaomba?"

"Kaka yangu. Kamwea."

"Cha nini? Kamwea ana miguu kama minazi."

"Cha mzee Nataua. Apelekwe maneaba kesho, kwenye karamu ya paa jipya la ukumbi wa kijiji. Anasema haifai mkubwa wa ukoo kubebwa begani kama gunia la mbata."

"Ukamwambia kesho ni mtihani?"

"Nilimwambia."

"Akasemaje?"

"Alikuwa ameshaomba."

Kutoka juu ya jukwaa Tekaai alisema, "Mwalimu, naweza kuandika nikiwa nimelala. Nijaribu?"

Wote watatu walijua jibu. Mgongo wa mtoto huyo ulizaliwa laini. Akiketi bila kushikwa hukunjika kama mkeka, mbavu hulalia mapafu, na baada ya muda midomo hugeuka rangi. Akilala chali hupumua vizuri, lakini mkono wake hauna nguvu ya kuandika kuelekea juu. Kwenye kiti tu, amefungwa mikanda kifuani, ndipo mkono na pumzi vilipopatana. Ruhusa ya mtu wa kumwandikia iliombwa mjini mwaka uliopita, na meli zimekuja na kuondoka bila jibu. Na mwaka ujao asingeruhusiwa tena; umri wa mtihani ungekuwa umempita. Angeandika kesho na keshokutwa, au angebaki juu ya jukwaa lile akihesabu makuti mpaka azeeke.

Tiribo alimjua mtu aliyebaki hivyo. Alikuwa dada yake, Teraaka, wa tumbo moja, ambaye naye hakutembea. Watu wa siku hizi hudhani zamani tuliwaficha watoto kama hao. Uongo. Bibi yao alimlaza Teraaka katikati ya nyumba, mahali pa upepo, akamfundisha kusuka na kukariri nasaba, na alipokuwa msichana mkubwa wanaume walikuja kumuuliza mpaka wa ardhi ya nani ulipita wapi. Kilichomwacha Teraaka nyuma ni shule. Shule ilikuja na ngazi, na madawati, na mwalimu mgeni aliyesema huyu hatuna pa kumweka. Tiribo alirudi kila mchana akamsomea dadaye aliyoyasikia, akiwa ameshikilia kitabu juu ya uso wake, na Teraaka alijifunza kusoma vivyo hivyo, chini ya kitabu, mpaka mwaka mmoja kifua kikambana msimu wa mvua na hakuuona msimu uliofuata.

Tiribo akaenda chuo, akarudi. Akapita nyumba kwa nyumba akisema nipeni mtoto wenu. Mmoja alikuwa na degedege, mwingine moyo wake ulipiga vibaya, mwingine mkono mmoja haukufunguka. Wazazi walimpa kwa shingo upande. Na Tekaai alipokuwa bado hana kiti, alimfundisha hesabu ndani ya maneaba, amelala chali, kwa kutumia paa: boriti na fito ziligawa makuti miraba mikubwa na midogo, na humo akaona nusu, robo na sehemu ya kumi. Ndivyo mabaharia wetu walivyofundishwa nyota, chini ya paa lilelile, mchana kweupe. Wale waliojua nyota za paa wamekwisha kufa mmoja mmoja na hakuna aliyeketi mahali pao. Na mwaka huu makuti yenyewe yameng'olewa, wakapiga mabati. Mvua ikinyesha wazee hawasikiani. Jua likiwaka wanaiva kama shelisheli kwenye majivu. Karamu ya kesho ilikuwa ya kuyashangilia hayo mabati.

"Usiende kwa Kamwea," Ioteba alisema alipomwona anainuka. "Nakusihi. Ukikidai, mimi ndiye nitakayekuwa nimekidai."

"Sitakidai kiti."

"Unaenda kufanya nini basi?"

Tiribo aliishika njia, na hakujua bado.

Kamwea alikuwa nje ya nyumba yake, amekipindua kiti miguu juu, anakipaka mafuta ya nazi kwenye magurudumu. Alikuwa mtu mpana, mwenye kikohozi cha tumbaku na sauti ya kuzungumzia mbele za watu. Mkewe, Bwena, alikuwa kwenye mbuzi anakuna nazi.

"Karibu, dada. Umekuja kulitazama gari la mzee?"

"Nimeliona."

"Lilikuwa linalia kama paka. Huyo mdogo wangu hajui kutunza kitu. Sasa hebu tazama." Akalizungusha gurudumu kwa kidole. "Na lilivyokuwa limejaa takataka. Nimetoa maboya na vitambaa, nimewatupia nguruwe."

Tiribo akatazama zizini. Kipande cha boya, kile alichokiokota ufukweni na kukichonga kwa kisu muhula baada ya muhula kadiri mgongo wa mtoto ulivyopinda, kilikuwa kwenye matope, kimetafunwa. "Mikanda sikuiona," angeweza kujiambia. Lakini aliiona, chini ya nguruwe jike. Hata kama kiti kingerudi saa ile, kingekuwa kiti cha mtu mwingine.

Akasema polepole, "Kesho ni mtihani wa Tekaai."

"Ioteba kaniambia."

"Na bado ukaomba."

"Nilikuwa nimeomba kwanza, ndipo akaniambia. Sasa nifanyeje? Nikirudishe? Ndugu yangu anipe kitu mbele ya mkewe, nami nimtupie usoni? Mwalimu, umekaa na vitabu mpaka umesahau watu."

Bwena akacheka kidogo juu ya nazi yake.

Hapo Tiribo akatandika upindo wa nguo yake chini, akaketi, akakunja miguu sawasawa, akaweka mikono mapajani. Bwena akaacha kukuna. Kamwea alikuwa bado ana kidole kwenye gurudumu, na gurudumu liliendelea kuzunguka peke yake.

"Nimekuja kukuomba, kaka."

"Dada, kiti nimesha..."

"Sikutaja kiti."

Kamwea akamtazama mkewe, akamtazama tena Tiribo. Bibi zao wawili walinyonya ziwa moja. Kijiji kizima kilijua ni ndugu. "Omba," alisema, kama mtu anayefungua mlango bila kujua anayebisha.

"Nakuomba mgongo wako. Na kifua, na mikono. Kesho asubuhi, tangu karatasi zigawiwe mpaka zikusanywe. Utaketi kwenye mkeka, mtoto ataketi mbele yako, utamshika."

Kamwea akacheka kicheko kikubwa, cha maneaba. Alipoona anacheka peke yake, akakohoa.

"Kesho mimi ndiye msemaji wa ukoo. Mahali petu patakapoitwa, nisipokuwepo atasema Burangke. Unamjua Burangke. Ataanza kwa kuusifu ukoo wetu na kumalizia kwa kuugawa."

"Namjua."

"Unajua, na bado unaomba."

"Nimeshaomba," Tiribo alisema. "Ndipo ukaniambia."

Bwena akarudi kwenye nazi yake. "Amekupata, mume wangu," alisema bila kumtazama. "Na kwa kamba yako mwenyewe."

Asubuhi Kamwea alikuja na shati la karamu, amejipaka mafuta, hasemi na mtu. Ioteba alimleta Tekaai mgongoni. Wale ndugu wawili wakakabidhiana mtoto bila neno, kama watu wanaopokezana mzigo wa magendo.

Msimamizi wa mtihani alikuwa kijana aitwaye Tokannata, aliyeletwa kutoka kaskazini ya kisiwa, kola imenyooka, bahasha za mtihani kifuani. Alimwona Kamwea anaketi kwenye mkeka wa nyuma, akasimama.

"Huyu nani?"

"Kiti," Tiribo alisema.

"Nimeuliza ni nani."

"Nami nimekujibu. Mtoto ana kiti anachotumia shuleni siku zote. Sheria yako inakiruhusu, nimeisoma. Kiti chenyewe kimekwenda karamuni. Hiki ndicho tulichobaki nacho."

"Huyu ni mtu mzima mwenye mdomo. Atamnong'onezea."

"Nimnong'onezee nini, kijana?" Kamwea alisema. "Niliacha shule kabla sijajua ilikuwa inahusu nini."

Watoto wakacheka. Tokannata hakucheka, kola yake ilikuwa imeanza kulowa. Alikuwa mbali na wakubwa wake, na watu wa kijiji kizima walikuwa wakipita kuelekea maneaba, kila mmoja akichungulia juu ya ukuta wetu mfupi wa shule. Tiribo alimwona anapima lipi litamletea kesi kubwa zaidi, kukubali au kukataa. Akangoja. Alijua akiongeza neno moja ataharibu.

"Afungwe macho," Tokannata alisema mwishowe. "Na asiseme. Hata amina. Nikisikia neno moja kutoka kwake, karatasi ya mtoto naichukua na nje wanatoka wote wawili. Na wewe, mwalimu, huko nje ya ukuta. Ukiingia, au ukimsemesha, ni vilevile."

Ioteba akavua kitambaa chake cha shingoni. Kamwea akajiachia kufungwa, mikono juu ya magoti. Tekaai akaketishwa mbele yake, ubao mapajani, penseli imepenyezwa kwenye kipande cha kandambili ili vidole vyake viishike. Kamwea akazungusha mikono yake kifuani kwa mtoto.

"Baba mkubwa," Tekaai alisema, "unanuka tumbaku."

"Na wewe una mifupa kama kuku. Nyamaza, nisije nikaponzwa."

Karatasi zikagawiwa.

Mwanzoni ilikuwa rahisi. Tiribo alisimama nje, mikono juu ya ukuta, akaona penseli inatembea. Alijua mwandiko ule kwa mwendo wa bega tu. Kutoka maneaba nyimbo za kukaribisha wageni zilikuja na upepo, zikagonga kwenye mabati mapya na kurudi zimepasuka. Kamwea aliketi wima kama nguzo. Kwa watu wetu kuketi si kazi. Tunaketi kutwa nzima tukisikiliza hotuba. Lakini kutwa hiyo mtu hujigeuza, huhamisha uzito, hujinyoosha akijifanya anatafuta kiberiti. Huyu hakuweza. Akihama, mtoto anahama. Baada ya muda Tiribo aliona paja lake moja linatetemeka, kwanza kidogo, kama ngozi ya maji upepo unapopita, kisha kwa nguvu.

Kikohozi kikamjia. Kiliinuka kutoka tumboni, mabega yakapanda, shingo ikajaa. Tokannata akainua macho. Kamwea akafunga midomo, akakibana kikohozi ndani mpaka mshipa wa kipaji ukasimama juu ya kitambaa, na mtoto kifuani mwake akatikisika mara moja, penseli ikachora mstari ulioparaganyika kwenye karatasi. Kikapita. Tekaai akaufuta mstari kwa ncha ya kidole, akaendelea.

Halafu nyimbo zikakoma.

Tiribo alijua maana yake, na alijua Kamwea anaijua. Hotuba zinaanza. Maneaba huita mahali kwa mahali, ukoo kwa ukoo, na aliyetajwa asiponena hakuna anayemngoja.

Bwena akaja kwa hatua za haraka, nguo zake za karamu amezikamata mkononi. Alipofika ukutani alidhani ananong'ona.

"Wanaelekea kwetu. Zimebaki koo mbili tu kabla yetu. Burangke ameshajisogeza mbele."

"Shh," Tiribo alisema.

"Na kile kiti wamekikataa."

"Bwena, nyamaza."

"Wazee wamesema ndani ya maneaba hakuna kichwa kinachokaa juu kuliko vingine, hata kama ni cha Nataua. Wamemshusha langoni. Ameketi mkekani kama kila mwaka. Kiti kiko nje na mtu ameshakipakia nazi."

Chumba kilikuwa kimya mno. Kila neno lilifika. Tiribo alimtazama Kamwea, akaona taya linakwenda chini ya kitambaa. Alikuwa mtu aliyezaliwa ndani ya desturi ile, aliyeisemea mbele ya watu maisha yake yote, na hakukumbuka jambo ambalo mtoto yeyote wa zamani angelikumbuka: kwamba tunaketi chini ili vichwa vilingane. Kwa kulisahau jambo hilo alimnyang'anya mtoto miguu. Tiribo alitaka kulifurahia, akashindwa. Alikuwa anaogopa mno. Mtu aliyeaibishwa hivyo huinuka. Kuinuka tu, kutoka, kwenda kulisema neno lake kabla Burangke hajalisema: hakuna mwanamume wa ukoo ule ambaye angemlaumu.

Kamwea hakuinuka. Lakini mgongo wake ukalegea. Ulishuka kama tanga linalopoteza upepo, na mikono yake ikashuka nao, na Tekaai akashuka ndani ya mikono.

Penseli ikasimama.

Tiribo aliona kichwa cha mtoto kinainama upande wa kulia, upande mbaya. Aliona shingo inavuta. Midomo ilikuwa bado ina rangi yake, kisha haikuwa nayo. Alimtazama Tokannata, alikuwa anatazama nje, kuelekea maneaba. Akifungua kinywa, karatasi inachukuliwa. Akiruka ukuta, karatasi inachukuliwa. Na asipofanya kitu? Ameshawahi kumwona Teraaka akinyamaza hivyo, chini ya kitabu. Mguu wake mmoja ulikuwa umeshapanda juu ya ukuta. Bwena akamshika nguo kwa nyuma.

"Mwache," Bwena alisema, na safari hii alinong'ona kweli. "Dhiki yote hii isipotee bure. Mwache kidogo."

Kamwea alikuwa gizani. Hakuona kichwa kilichoinama wala midomo. Lakini alikuwa na mbavu za mtoto chini ya viganja vyake, na kitu fulani kilichokuwa kikienda na kurudi asubuhi yote kilikuwa kimeacha kwenda. Tiribo aliona vidole vyake vinatafuta. Vikasogea juu, vikarudi, vikakaa chini kabisa ya mbavu za kulia, kisha kiganja kizima kikaingia hapo na kuinua, polepole, huku kifua chake mwenyewe kikirudi nyuma ili mtoto aegemee. Halafu akavuta pumzi, ndefu, ya mtu anayejiandaa kuzamia. Akaitoa. Akavuta tena. Mgongo wa mtoto ulikwenda na kifua chake, kwa kuwa haukuwa na pengine pa kwenda.

Kichwa kikainuka. Tekaai akapepesa macho kama mtu aliyeamshwa. Akatazama karatasi, akatafuta alipoishia.

Tiribo akaushusha mguu wake.

Kutoka maneaba sauti ya Burangke ikaanza. Ilikuwa sauti nzuri, lazima isemwe. Kamwea aliisikiliza yote, neno kwa neno, akivuta na kutoa pumzi, na kiganja chake hakikutoka mahali pake.

Karatasi zilipokusanywa, Tekaai alikuwa amejibu maswali yote isipokuwa insha, aliyoikatisha katikati ya sentensi. Tokannata alichukua karatasi yake kama zingine na kuitia kwenye bahasha. Kisha akamfungua Kamwea kitambaa kwa mikono yake mwenyewe.

Kamwea hakuweza kusimama. Ioteba na Bwena walimvuta wakampeleka nje, wakamlaza mchangani, na Bwena akaanza kumpiga miguu kwa viganja ili damu irudi. Tiribo akachuchumaa karibu.

"Asante, kaka. Nilichokuomba umenipa. Kesho nitamtafuta mtu mwingine."

Kamwea alimtazama kwa chuki ya kweli. "Unanirudisha?"

"Nakupumzisha tu."

"Unanirudisha. Umeomba kitu, umepewa mbele ya mke wangu, umekitumia asubuhi moja, sasa unakitupa. Mimi ni mkungu wa ndizi?" Bwena akampiga kwenye fundo la mguu, naye akakunja uso. "Kesho ni nini?"

"Hesabu."

"Ndefu?"

"Ndefu kuliko ya leo."

Akalaza kichwa mchangani, akafumba macho. Hakutaja kiti, na Tiribo hakukitaja. Kilikuwa kimeshakwenda kwa watu, na kufikia meli iliyofuata kilikuwa kimeshabeba nazi za nusu ya kijiji, gurudumu moja limepinda. Hivyo ndivyo tulivyo siku hizi. Tumeshika kamba ya desturi, tumesahau ilikuwa imefunga nini.

Siku ya pili Kamwea alifika kabla ya kengele, bila shati la karamu na bila tumbaku. Alijifunga kitambaa mwenyewe. Bwena hakuja. Watu wa ukoo walikuwa wameshaanza kumwita Burangke msemaji, na Kamwea aliyasikia hayo akiwa njiani, kutoka kwa watu waliohakikisha anayasikia. Aliketi, akanyoosha mikono mbele gizani, akangoja mtoto awekwe ndani yake.

Karatasi ya hesabu ilikuwa ndefu kweli. Jua lilipanda, upepo ukafa, jasho la mtu mzima likalowesha mgongo wa mtoto na ubao ukaanza kuteleza. Mara mbili penseli ilisimama, na mara mbili Tiribo aliona kiganja kinahama kidogo, kinainua, na penseli inaondoka tena. Watoto wengine walimaliza, wakakunja mikono. Tokannata alitazama saa yake, akatazama mkeka wa nyuma, akajishughulisha na bahasha muda mrefu kuliko bahasha zilivyohitaji. Alipoinuka hatimaye kukusanya, Tekaai alikuwa ameshaweka penseli chini.

Wanafunzi wakatoka. Tiribo akaingia. Kamwea alikuwa bado ameketi, kitambaa machoni, mikono imefumbata, maana hakuna aliyemwambia.

"Amemaliza?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa imekauka.

"Amemaliza."

"Yote?"

"Zote," Tekaai alisema. "Moja nimekisia."

Tiribo akainama amchukue. Alimshika bega la kushoto, kama alivyomshika miaka yote, akaanza kuvuta.

"Siyo hilo," Kamwea alisema, naye haoni. "Ukimvuta kwa hilo pumzi inakatika. Ngoja avute hewa kwanza. Ngoja. Haya, sasa."